Swali la kujiua hufundishwa kwa kulitamka

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuseme jambo moja kuhusu mafunzo ya watumishi wa afya hapa Dodoma na mikoa jirani. Mtumishi wetu amefundishwa kuuliza mgonjwa anakohoa tangu lini, choo chake kikoje, hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Maswali ya aibu yote huyauliza bila kupepesa macho. Lakini mgonjwa akisema "nimechoka na maisha haya", kalamu inaandika "maumivu ya kichwa, kukosa usingizi", anapewa panadoli, na anayefuata anaitwa. Swali "umefikiria kujiua?" halitamkwi. Si kwamba mtumishi hana huruma. Hajawahi kulitamka hata siku moja darasani, na hakuna aliyejua kuchoma sindano kwa kutazama picha ya sindano.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2002, uliopitia tafiti 40 na nyingi zikiwa za nchi tajiri, ulionyesha kuwa takriban 45% ya waliojiua walikuwa wamemwona mtoa huduma wa ngazi ya msingi ndani ya mwezi wao wa mwisho. Waliomwona mtaalamu wa afya ya akili katika mwezi huohuo walikuwa kama 20%. Kwa hiyo mlango wa kwanza si Hospitali ya Mirembe, ya wagonjwa wa akili. Ni zahanati ya kijiji, kliniki ya kisukari, CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU), kliniki ya mama na mtoto, dirisha la dawa. Huko ndiko mafunzo yanakotakiwa kuanza.

Wapo wanaoogopa kwamba kuuliza ni kumpandikizia mtu wazo. Hofu hiyo ni ya kweli na inastahili jibu, kwa sababu ndiyo inayofunga vinywa vingi. Tafiti zilizochambuliwa kwa pamoja mwaka 2014 hazikuona kwamba kuulizwa kunaongeza mawazo ya kujiua, na kwa baadhi ya watu kulipunguza uchungu. Wazo huwa limeshakaa moyoni zamani. Linalokosekana ni mtu wa kulisikia.

Tuanze na maneno yenyewe, maana hapo ndipo pengi huharibika. "Una mawazo?" kwa Kiswahili chetu ni kuuliza kama mtu ana mahangaiko, atajibu "mawazo hayakosekani", na hamjafika popote. "Umewahi kutaka kujidhuru?" nalo linachanganya: mtu anaweza kusema hapana kwa sababu nia yake si kujiumiza, ni kufa. Baya kuliko yote ni "mambo ya kujiua huyafikirii, eti?" Swali la kukanusha linamwonyesha mgonjwa jibu linalotakiwa. Watafiti wa Uingereza waliosikiliza rekodi za mazungumzo ya wataalamu wa afya ya akili na wagonjwa wao, wakachapisha mwaka 2017, waliona kuwa karibu robo tatu ya maswali haya yaliulizwa kwa kukanusha, na wagonjwa walioulizwa hivyo walielekea zaidi kujibu hapana. Ikiwa waliobobea wanateleza hapo, tabibu aliye zamu peke yake zahanati atateleza pia asipofundishwa.

Njia inayofaa ina hatua mbili. Kwanza unamwonyesha mgonjwa kwamba hayuko peke yake: "Watu wengi waliobeba mzigo kama wako hufika mahali wakaona heri wasingekuwepo. Wewe umefika hapo?" Kisha, hata kama amejibu kwa kutikisa kichwa tu, unauliza wazi: "Umefikiria kujiua?" Neno ni hilohilo, lisizungushwe. Halafu unanyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi mafunzoni. Mtumishi auhesabu ukimya moyoni hadi kumi kabla ya kuongeza neno, kwa sababu akiujaza kwa maelezo yake, mgonjwa amepata pa kujificha.

Kwa mzee, heshima haipunguzi uwazi. Kijana wa miaka 26 aliyepangiwa kazi Bahi au Chemba ataona haya kumuuliza baba wa miaka 70 jambo la namna hii. Aanze na shikamoo, avute kiti akae kimo kimoja naye, aweke kalamu na simu chini, kisha aombe ruhusa: "Mzee, naomba nikuulize jambo zito kidogo. Ninamuuliza kila mtu mwenye shida kama hii yako." Mzee akijibu "mimi namsubiri Mungu anichukue tu", hiyo yaweza kuwa imani, na yaweza kuwa kilio. Kinachotenganisha ni swali moja zaidi: "Unamsubiri Mungu, mzee, au kuna siku unawaza kujimaliza mwenyewe?" Mtumishi asiishie kwenye neno la kwanza alilopewa.

Mgonjwa anayejieleza vizuri zaidi kwa Kigogo, Kirangi au Kisandawe asitafsiriwe na mwanawe wala mkewe. Atafutwe mtumishi mwingine anayeijua lugha, aelezwe kabla ya kuingia kwamba neno litasemwa kama lilivyo. Mkalimani asiyeandaliwa hulainisha swali likawa "anauliza kama umechoka".

Faragha ni tatizo linalojulikana. Zahanati nyingi zina chumba kimoja chenye pazia, na benchi la wanaosubiri liko hatua mbili nje. Hapo kinachosaidia ni utaratibu wa kituo kizima: kila mgonjwa huonwa peke yake kwanza, ndugu huitwa baadaye. Ukiwa ni utaratibu wa wote, mume au mama mkwe aliyemleta mgonjwa hana sababu ya kuhisi kuna siri. Benchi nalo lisogezwe. Na mtumishi asiahidi "hili halitatoka hapa", kwa sababu maisha yakiwa hatarini italazimu litoke. Ahadi anayoweza kuitimiza ni hii: "Utakayoniambia nitayatunza. Nikiona maisha yako yako hatarini, nitamshirikisha mtu wa kutusaidia, na nitakuambia wewe kwanza."

Jibu likiwa ndiyo, sentensi ya kwanza ya mtumishi ndiyo huamua kama mgonjwa ataendelea. "Usiseme hivyo" inafunga mlango. "Una watoto, unamwachia nani?" inamwongezea hatia mtu ambaye huenda tayari anaamini watoto wake watapata nafuu asipokuwepo. "Ni dhambi" humfanya aliyejitoa kusema ajute kusema. Hatusemi imani haina nafasi. Kwa wengi ndiyo iliyowashika hadi leo. Lakini aitaje mwenyewe, anapoulizwa nini kimemzuia. Maneno ya kuanzia ni machache: "Asante kwa kuniambia. Naona umelibeba hili peke yako."

Kisha yanafuata maswali ambayo kila mtumishi anapaswa kuyajua kwa moyo kama anavyojua dalili za hatari za mjamzito. Mawazo haya yalikujia lini mara ya mwisho? Umefikiria utafanyaje? Hicho unachokifikiria unacho, au unaweza kukipata leo? Umepanga siku? Umewahi kujaribu, na ilikuwa lini? Nini kimekuzuia mpaka sasa? Hili la mwisho lisiachwe kamwe, maana majibu yake ndiyo msingi wa kila kitakachofanyika baadaye.

Mwongozo wa mhGAP wa WHO, uliotengenezwa kwa ajili ya watumishi wasio mabingwa wa afya ya akili, unasaidia kuamua. Mwenye mawazo au mpango wa kujiua sasa hivi yuko katika hatari ya karibu. Ndivyo pia aliyekuwa na mawazo au mpango ndani ya mwezi mmoja uliopita, au aliyejidhuru ndani ya mwaka mmoja uliopita, ikiwa sasa amefadhaika mno, ana vurugu au haongei. Huyo haachwi peke yake hata kwa dakika ya kwenda chooni, vitu hatari vinaondolewa chumbani, na rufaa inapangwa. Wasiofika hapo hawaruhusiwi tu kwenda nyumbani: wanatengenezewa mpango wa usalama, wanatibiwa kilicho chini yake, iwe sonona, pombe au maumivu ya muda mrefu, na wanapewa tarehe ya kurudi ndani ya wiki.

Hapa lazima tuonye kuhusu alama. Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, lipo kwa Kiswahili na swali lake la tisa linagusa mawazo ya kufa na kujidhuru. Ni chombo kizuri cha kuanzisha mazungumzo. Kosa ni kujumlisha alama, kuona jumla ni ndogo, na kupita, wakati kwenye swali la tisa mgonjwa hakujibu sifuri. Jibu lolote zaidi ya sifuri pale linataka mazungumzo kamili siku hiyohiyo. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, iliwataka watoa huduma wasitumie mizani ya alama kutabiri nani atajiua, kwa sababu mizani hiyo haitabiri vizuri. Alama ndogo haimlindi mtu.

Rufaa nayo ina namna yake ya kuharibika. Kutoka Mpwapwa au Kondoa hadi Dodoma mjini ni zaidi ya kilomita 100. Mgonjwa mwenye hatari ya karibu hapewi bahasha na kuambiwa apande basi kesho asubuhi. Anasindikizwa na mtumishi au ndugu mtu mzima aliyeelezwa wazi kwa nini, na kituo kinachompokea kinapigiwa simu kabla hajaondoka. Barua iandike maneno yake mwenyewe, si "kisaikolojia" peke yake. Asiporipoti, anayetakiwa kujua jioni ileile ni aliyemtuma.

Mpango wa usalama unaotumika sana ulichapishwa na Stanley na Brown wa Marekani mwaka 2012, na una hatua sita: dalili zinazomwonyesha mtu kuwa wimbi linakuja, anachoweza kufanya peke yake kulipunguza, watu na mahali pa kumwondoa kwenye upweke, ndugu au rafiki wa kumweleza ukweli, mtumishi au kituo cha kukimbilia, na kuondoa vitu hatari. Nusu karatasi inatosha. Ichukue dakika 20 hadi 45 na iandikwe kwa maneno ya mgonjwa. "Nikianza kukaa nyuma ya nyumba peke yangu jioni" ina faida. "Hisia hasi" haina. Kama hasomi, apange na ndugu anayemwamini, kila hatua irudiwe kwa mdomo, na namba mbili ziingizwe kwenye simu yake ya kitochi hapohapo, zipigwe kuhakikisha zinapokelewa. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 kwenye idara za dharura, mpango huu pamoja na simu za kufuatilia uliendana na upungufu wa karibu 45% wa vitendo vya kujiua katika miezi sita. Karatasi ya kumsainisha mgonjwa kwamba "sitajiua", ambayo bado tunaiona ikitumika, haijaonyesha kumlinda mtu. Humlinda anayeisainisha.

Hatua ya sita inataka undani zaidi kwa mikoa yetu. Kaya nyingi za wakulima wa zabibu, alizeti na mboga zinaweka viuatilifu ndani ya nyumba ya kulala. Ushauri unaozoeleka ni "fungia kwenye sanduku". Sri Lanka walilijaribu hilo katika kaya zaidi ya 50,000, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha masanduku hayo hayakupunguza watu kujidhuru kwa sumu. Ufunguo uko nyumba ileile. Kilichopunguza vifo vya kujiua nchini mwao, kwa kiasi kikubwa mno, ni kupiga marufuku viuatilifu vikali zaidi hatua kwa hatua. Kwa mgonjwa aliye mbele yako, maana yake ni kwamba dawa za shambani zitoke kabisa nyumbani kwake, zikae kwa ndugu au kwenye ghala la chama cha msingi, hadi msimu upite na yeye apate nafuu. Aulizwe nani atazitoa, leo saa ngapi, na nani atampigia mtumishi kusema zimetoka. Dirisha la dawa nalo lifundishwe kutoa dozi ya wiki moja moja kwa mgonjwa wa namna hii, si ya mwezi mzima, hata kama amesafiri mbali kuifuata. Usumbufu huo tunaujua, na bado tunausisitiza.

Na baada ya hapo, kufuatilia. Utafiti wa WHO uliochapishwa mwaka 2008 ulihusisha watu 1,867 waliojaribu kujiua katika miji mitano ya Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China. Nusu yao walipewa maongezi ya saa moja, kisha wakatafutwa mara tisa: wiki ya 1, 2, 4, 7 na 11, halafu mwezi wa 4, 6, 12 na 18. Baada ya miezi 18, waliokufa kwa kujiua upande huo walikuwa 0.2%, na upande wa huduma ya kawaida 2.2%. Hakukuwa na mashine wala dawa mpya. Kulikuwa na daftari lenye tarehe na mtu wa kupiga simu au kubisha hodi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuifanya kazi hiyo Kongwa au Manyoni akipewa daftari, muda wa maongezi wa simu, na mtu wa kumuuliza anapokwama. Miezi mitatu ya mwanzo baada ya kutoka wodi ya akili ndiyo ya hatari zaidi, kwa hiyo tarehe za mwanzo zisirukwe.

Sheria haiwezi kuachwa nje ya mafunzo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Matokeo yake chumbani ni mgonjwa anayesema "nilikunywa kwa bahati mbaya", na mtumishi anayetaka kwanza PF3, fomu ya polisi. Mafunzo yaseme bila kigugumizi: njia ya hewa, mshipa na dawa ya kuokoa maisha hutangulia karatasi yoyote, na kazi ya mtumishi ni kutibu, si kupeleleza. Ghana ilifuta kosa hili mwaka 2023. Kenya, Mahakama Kuu ililitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Tunaamini Bunge letu, lililo hapahapa Dodoma, nalo linapaswa kulifuta. Na kwa msomaji ambaye mawazo haya anayo leo: mwambie mtu mmoja kwa maneno wazi, usikae peke yako, nenda kituo cha afya kilicho karibu hata usiku. Mtoto au anayemwona mtoto katika hali hiyo apige 116, ni bure.

Sasa mafunzo yenyewe. Ukumbi wa watu 40 na slaidi 90 haujengi uwezo huu. Mtihani wa maandishi baada ya semina utapanda, lakini mdomo utabaki umefungwa. Tunapendekeza vikundi visivyozidi 15, siku mbili, na zaidi ya nusu ya muda iwe mazoezi. Saa ya kwanza ni ya wawili wawili: kila mmoja analiuliza swali kwa mwenzake mara kumi, sauti ya kawaida, macho yakiwa kwa mtu. Mara tatu za mwanzo sauti hushuka, au kicheko cha wasiwasi hutoka, au "kujiua" hugeuka "hayo mambo". Mara ya saba au ya nane neno huanza kukaa mdomoni. Baadaye wanakaa watatu watatu, mtumishi, mgonjwa na mtazamaji, dakika kumi za mazungumzo na tano za maoni, kisha wanabadilishana. Visa viwe vya kwetu: mkulima aliyepoteza mazao kwa ukame, mama mwenye mtoto wa wiki sita asiyelala, mwanafunzi wa chuo aliyefeli, dereva wa bodaboda anayedaiwa mikopo ya kausha damu. Mtazamaji ana karatasi ya mambo sita tu: faragha, salamu, swali wazi lisilo la kukanusha, ukimya, mpango na njia, hatua inayofuata. Anayecheza mgonjwa apewe muda wa kutoka kwenye uhusika, na yeyote ambaye kisa kimegusa jeraha lake mwenyewe aruhusiwe kukaa pembeni bila kuulizwa. Darasani daima yupo mmoja.

Wafunzwe wote: muuguzi, tabibu, mfamasia, wa maabara, wa mapokezi, mlinzi. Mlinzi wa getini huona mgonjwa anayeondoka kabla ya kuonwa.

Uwezo upimwe kwa igizo kabla ya mafunzo, baada ya mafunzo, na tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu ujuzi huu hushuka haraka usipotumika. Kisha saa moja kila mwezi, kwa miezi sita, ya kupitia visa pamoja na msimamizi. Mgonjwa akifa kwa kujiua, kikao cha kwanza kiwe cha kumsikiliza mtumishi aliyemhudumia, na uchunguzi ufuate baadaye. Mtumishi aliyelaumiwa mbele ya wenzake hataliuliza swali hili tena, na wenzake waliotazama hawataliuliza pia.

Septemba 10 ni Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani. Tunawaomba Waganga Wakuu wa halmashauri za Dodoma, Singida na jirani zao waingize mafunzo haya kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, na siku hiyo, kabla ya dirisha la kwanza kufunguliwa, kila mganga mfawidhi awapange watumishi wake wawili wawili walitamke swali.

Wakufunzi wa watumishi wa afya,
Dodoma